Kabla insulini haijafika kwenye msuli

Katika kila kliniki ya kisukari niliyowahi kuingia, mgonjwa mpya huelezwa jambo lile lile: insulini ni ufunguo, seli ni chumba, na sukari iko nje ikisubiri mlango ufunguliwe. Ni maelezo mazuri. Nafundisha fiziolojia katika chuo cha uuguzi na nimeyatumia darasani kila mwaka. Lakini yanaruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi kwa utamu wake. Ufunguo uko ndani ya mshipa wa damu, mlango uko nje ya mshipa, na katikati yao kuna ukuta ulio hai.

Ukuta wenyewe ni tabaka moja tu la seli. Zimetandikwa upande wa ndani wa kila mshipa, kuanzia aota inayotoka kwenye moyo hadi kapilari nyembamba ambamo chembe nyekundu ya damu hupita kwa kujikunja. Wataalamu huliita tabaka hilo endothelia. Kwenye kapilari za msuli unene wake haufiki mikromita moja. Vitabu vyetu vya shule vinalichora kwa mstari mmoja wa wino, na mwanafunzi anaondoka akidhani kazi yake ni kuzuia damu isimwagike, basi. Kumbe seli hizo zinaipokea insulini, zinaiingiza tumboni mwake, zinaitumia kwa mahitaji yake zenyewe, kisha zinaitoa upande wa pili. Kama zimechoka au zimejeruhiwa, msuli unakaa na njaa huku damu imejaa insulini.

Kuna fumbo lililowafikisha watafiti kwenye ukuta huu. Chukua seli za mafuta, zitenge kwenye chombo, zidondoshee insulini: ndani ya dakika chache zinaanza kuvuta glukosi, ile sukari ya kwenye damu, kwa kasi. Sasa mwekee mtu mzima mwenye afya insulini moja kwa moja kwenye mshipa, kama inavyofanyika katika kipimo cha klampu (insulini kwa dripu, huku glukosi ikiongezwa ili sukari isishuke) ambacho Ralph DeFronzo na wenzake walikieleza mwaka 1979. Kiwango cha insulini kwenye damu kinapanda upesi na kutulia. Misuli, lakini, inaongeza uchukuaji wake wa glukosi polepole, nusu saa, saa nzima, hata zaidi. Ukiisimamisha dripu, insulini inatoweka kwenye damu haraka, na bado misuli inaendelea kula glukosi kwa muda. Kitu fulani kinachelewesha kuanza na kinachelewesha kwisha.

Tuifuate safari yenyewe. Insulini ni protini ndogo yenye asidi amino 51 katika minyororo miwili. Ndani ya kongosho huhifadhiwa sita sita zikishikanishwa na zinki; ikimwagwa kwenye damu hutawanyika na kubaki moja moja, na ni hiyo moja iliyojitenga ndiyo inayofanya kazi. Damu ya kongosho haiendi mwilini moja kwa moja. Inapitia kwanza kwenye ini, na huko endothelia ina matundu ya wazi, kiasi kwamba insulini inazifikia seli za ini bila kizuizi cha maana. Karibu nusu yote inaondolewa hapo hapo, katika mzunguko wa kwanza. Inayobaki ndiyo inayosambaa mwilini, na maisha yake ni mafupi: nusu yake hutoweka katika muda wa dakika tano hivi.

Ikifika kwenye msuli, mambo yanabadilika. Kapilari za msuli hazina matundu kama ya ini. Seli zake zimeshikana ubavu kwa ubavu, na kwenye ubongo zimebanana zaidi hata maji hupita kwa utaratibu. Na msuli ndio mlaji mkubwa wa glukosi pale insulini inapopanda. Kwa hiyo kiungo kinachoihitaji zaidi insulini ndicho kilichowekewa ukuta usio na matundu.

Richard Bergman na timu yake huko California walilishika swali hili kwa njia ambayo hadi leo naiona kuwa ya busara kubwa. Badala ya kupima damu tu, walipima pia limfu ya mbwa, yale majimaji yanayotoka katikati ya seli, nje ya mishipa. Katika kazi waliyoitoa mwaka 1989 walionyesha kwamba insulini ya kwenye limfu inapanda taratibu kuliko ya kwenye damu, na hata hali ikishatulia inabaki kama theluthi mbili tu ya ile ya damuni. La muhimu zaidi, kasi ya mwili kuchukua glukosi ilikwenda sambamba na insulini ya limfu. Ile ya damu ilikuwa imeshatangulia zamani. Mwaka 2008 kundi hilo hilo likafanya jaribio ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulielewa: walichoma insulini ndani ya msuli wenyewe, nje ya kapilari. Ule uzito wa kuanza ukaondoka. Msuli uliitikia upesi, kama seli za kwenye chombo.

Kwa hiyo seli ya msuli haikuwa na uvivu wowote. Muda ulikuwa unaliwa njiani, kwenye ukuta.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Je, insulini ikigusa seli ya endothelia inatokea nini?

Seli karibu zote zenye vipokezi vya insulini, yaani protini za kwenye utando ambazo homoni hiyo hujishikiza, huitendea vivyo hivyo. Insulini inakaa kwenye kipokezi juu ya utando. Utando unabonyea kwenda ndani na kufunga kifuko kidogo kilichobeba vyote viwili. Ndani ya kifuko asidi inaongezeka, insulini inaachia kipokezi. Kipokezi kinarudishwa juu kikafanye kazi tena, na insulini inakatwakatwa na vimeng'enya. Seli ya ini ni hodari sana kwa kazi hiyo ya kukata. Ni njia ya mwili kuizima homoni ikishatoa ujumbe wake.

George King na wenzake huko Boston walizichukua seli za endothelia za aota ya ng'ombe, wakazikuza maabara, wakazipa insulini iliyotiwa alama ya iodini yenye mnururisho ili waifuate inakokwenda. Mwaka 1984 wakatoa taarifa: insulini inaingia ndani ya seli, lakini haikatwi. Sehemu kubwa inatoka nzima. Mwaka uliofuata, King na mwenzake Johnson wakaenda mbele. Walizipanda seli juu ya kichujio chenye matundu madogo hadi zikaunda zulia lisilo na nafasi, chumba kimoja juu na kingine chini. Insulini ikawekwa juu. Ikaonekana chini, ikiwa nzima. Walipoweka kingamwili inayoziba vipokezi vya insulini, upitaji ukapungua sana. Maana yake, katika seli hizo kipokezi kilikuwa kimebadilishiwa kazi: mbali na kupokea ujumbe, kinamvusha mjumbe mwenyewe.

Nawaomba wanafunzi wangu watulie kidogo wanapofika hapa. Kipokezi ni kile kile cha kwenye ini. Homoni ni ile ile. Hata kifuko kinaanza kwa namna inayofanana. Tofauti iko katika kile seli inachofanya baada ya kuifunga homoni tumboni. Ya ini inasaga. Ya ukuta wa mshipa inalinda na kukabidhi. Wanapojifunza kuhusu vipokezi, wanafunzi huambiwa mambo mengi kuhusu ishara zinazowashwa ndani ya seli, na karibu hawaambiwi lolote kuhusu mahali homoni inapoishia. Naona hilo ni pengo.

Vifuko vyenyewe vilikuwa vimeonekana kitambo. George Palade, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1974, aliviona katika miaka ya 1950 kwa hadubini ya elektroni: vibonyeo vingi vidogo kwenye utando wa seli za kapilari, pande zote mbili. Vinaitwa kaveola. Eugene Barrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walikuja kuonyesha kwamba insulini huonekana kwenye kaveola za seli za aota, na kwamba seli ikipunguziwa kaveolini, protini inayovijenga vibonyeo hivyo, inaingiza insulini kidogo. Halafu mwaka 2015 timu ya Toronto, mji ule ule ambako Banting, Best, Collip na Macleod walizaa dawa ya insulini miaka ya 1921 na 1922, ikachunguza seli za kapilari za mafuta ya binadamu na kukuta kitu kingine: huko insulini inaingia kwa vifuko vya aina nyingine, vyenye koti la protini iitwayo klathrini. Kaveola hazikuhitajika.

Kuna walioona matokeo haya kuwa ni mvutano. Mimi sioni mvutano mkubwa. Seli za aota kubwa na seli za kapilari ya mafuta zinaishi maisha tofauti, na hakuna sababu ya kuzitaka zitumie njia moja.

Mvutano wa kweli uko kwingine. Mwaka 1996 Bergman na wenzake, akiwemo Garry Steil, walipandisha insulini ya mbwa hadi viwango vikubwa mno. Kama vipokezi ndivyo vinavyovusha, basi vingefika mahali vikajaa na upitaji ukagota. Haukugota. Mwaka 2018 maabara ya David Wasserman, Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ikatumia insulini iliyotiwa rangi inayong'aa na kuitazama ikitoka kwenye kapilari za msuli wa panya aliye hai, kwa hadubini, dakika kwa dakika. Nao walikuta kwamba kasi ya kutoka haikutegemea kipokezi. Insulini ilitoka pamoja na majimaji, ikibebwa tu. Ni kazi nzuri sana na sipendi wanaoipuuza kwa sababu inavuruga hadithi waliyoizoea.

Hata hivyo, ili insulini ionekane kwa hadubini ilibidi itolewe kwa wingi kuliko ule ambao kongosho huutoa baada ya mlo. Kwa wingi huo, njia ya majimaji inaweza kuimeza njia ya kipokezi isionekane. Na kuna ushahidi wa upande wa pili ambao siwezi kuuweka kando. Mwaka 2017 maabara ya C. Ronald Kahn huko Boston iliwaondolea panya vipokezi vya insulini kwenye seli za endothelia peke yake. Msuli, mafuta na ubongo vikabaki na vyao. Kwa panya hao insulini ilichelewa kuanza kazi kwenye misuli, kwenye mafuta ya kahawia na katika baadhi ya sehemu za ubongo, ikiwemo haipothalamasi inayosimamia njaa. Ini halikuchelewa, kwa sababu lina matundu yake. Ukiniuliza leo, nitakujibu kwamba kuna njia mbili, na kwamba kiungo na kiwango cha insulini ndivyo vinavyoamua ipi itabeba mzigo mkubwa. Kwa ubongo, ambako ukuta umebanana, sioni jinsi ya kukikwepa kipokezi.

Seli ya ukuta si mpitishaji tu, inakula pia kwenye mzigo unaopita. Insulini ikishika kipokezi chake inawasha mnyororo wa protini ndani ya seli, unaoishia kwenye kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi, gesi ambayo ugunduzi wa kazi yake kwenye mishipa uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Gesi hiyo inalegeza misuli laini inayozunguka ateri ndogo. Damu inaingia kwenye kapilari ambazo zilikuwa zikipokea kidogo, eneo la ukuta linalofanya kazi linaongezeka, na insulini inapata sehemu nyingi zaidi za kuvukia. Timu ya Virginia ilionyesha pia kwamba nitriki oksidi yenyewe inaharakisha uingiaji wa insulini kwenye seli za endothelia. Homoni inajitengenezea njia inayopita.

Kuna mnyororo wa pili unaoanzia kwenye kipokezi hicho hicho, na huo unachochea endothelini, inayobana mishipa. Kwa mtu mwenye afya, wa kulegeza una nguvu. Kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa sugu kwa insulini, wa kulegeza unadhoofika na wa kubana unabaki na nguvu zake. Kongosho, kwa kuona sukari haishuki, inamwaga insulini zaidi, na insulini hiyo ya ziada inaendelea kuusukuma mnyororo ule uliobaki mzima. Nikiwaona wagonjwa wanaobeba kadi mbili, ya kisukari na ya presha, huwa nayafikiria matawi haya mawili ya kipokezi kimoja.

Timu ya Takashi Kadowaki huko Tokyo iliuonyesha ubaya huu waziwazi mwaka 2011. Panya waliolishwa mafuta mengi walipungukiwa protini moja ya mnyororo wa kulegeza, IRS2, kwenye endothelia. Insulini ikawa haitoki vizuri kwenda kwenye msuli, na msuli ukashindwa kuchukua glukosi ya kutosha. Walipowapa dawa inayokirudishia nguvu kimeng'enya cha nitriki oksidi, insulini ikavuka tena na msuli ukala zaidi. Hawakuugusa msuli wenyewe. Walitengeneza njia.

Sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Usugu wa seli ya msuli yenyewe upo na ni mkubwa. Kuna vipimo vya limfu ya binadamu vinavyoonyesha kwamba hata insulini ikishafika nje ya mshipa, msuli wa mtu mnene bado unaitikia kidogo. Ukuta ni sehemu moja ya ugonjwa. Ninachokataa ni kuifuta sehemu hiyo kana kwamba haipo.

Ndiyo sababu naitetea miguu. Msuli unapojikunja unafungua kapilari zake kwa njia isiyohitaji insulini, na hufanya hivyo hata pale asidi za mafuta kwenye damu zimeshaizuia insulini isifungue kitu. Msuli huo huo unavuta glukosi bila kusubiri homoni. Mtu anayetembea baada ya chakula cha jioni, hata kwa mwendo wa pole, anaongeza eneo la kuvukia wakati ule ule insulini yake imepanda. Ushauri huu mara nyingi hutolewa kama adhabu ya unene, na mgonjwa anaupokea kwa aibu. Ningependa utolewe na sababu yake.

Mama yangu mkubwa, anayechoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, aliniuliza siku moja kwa nini wanamtaka asubiri nusu saa ndipo ale. "Mwanangu, dawa si imeshaingia mwilini? Inangoja nini?" Nikamwambia, mama, iko mwilini lakini haijafika kwenye damu. Pale chini ya ngozi bado imeshikana sita sita. Lazima iachane, iingie kwenye kapilari za mafuta, iende moyoni, isambazwe, halafu itoke tena kwenye kapilari za msuli. Akafikiri kidogo. "Kumbe inavuka mara mbili," akasema. Ndivyo. Na kuna jambo la tatu ambalo sikumwambia kwa sababu chai ilikuwa mezani: dawa iliyochomwa chini ya ngozi haipiti kwanza kwenye ini kama ile ya kongosho. Ini linapata mgawo mdogo kuliko liliozoea, na misuli na mafuta vinapata mkubwa.

Watengenezaji wa dawa walijaribu kurekebisha mgawo huo kwa kuutumia ukuta wenyewe. Kampuni ya Eli Lilly ilitengeneza insulini iliyounganishwa na mnyororo mrefu wa polima, ikaitwa peglispro. Ilikuwa na umbo kubwa, kwa hiyo ilipata shida kuvuka kapilari zisizo na matundu za msuli na mafuta, ila kwenye ini ilipita. Sukari ilishuka vizuri katika majaribio. Lakini seli za mafuta, ambazo kwa kawaida insulini huzizuia zisimwage asidi za mafuta kwenye damu, zilipokea insulini kidogo mno. Zikaendelea kumwaga. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba asidi hizo ziliishia kwenye ini, ambako mafuta yaliongezeka na vimeng'enya vya ini vikapanda kwenye vipimo vya damu. Mwaka 2015 kampuni ikaisimamisha kazi ya dawa hiyo, wakati damu ya wagonjwa ilikuwa na insulini ya kutosha na kipimo cha sukari kikisoma vizuri.